Waridi, Mbuzi na Kiti cha Kasongo

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekuwa mfalme. Natawala tangu saa nne asubuhi na sijaona ugumu wowote.

Mji wangu unaitwa Lopur Kuu. Uko ndani ya kompyuta ya Sylviane, yule mama wa Bukavu mwenye kibanda cha kompyuta hapa Kakuma. Unajenga nyumba, watu wanahamia wenyewe. Na mto! Mto wenye maji mwaka mzima. Nimeutazama nusu saa. Sylviane akauliza kama nimesinzia.

Kwenye kompyuta ya pili hukaa Kasongo, kinyozi, Mkongo, mdomo mrefu kuliko mkasi wake. Mji wake ni Lualaba. Alisema mbele ya watu kwamba mzee wa mbuzi hawezi kutengeneza manukato. Manukato ndiyo mali ya matajiri kwenye mchezo huu: unapanda waridi, kiwanda kinakamua, meli ya Malkia inanunua. Tukawekeana dau palepale. Wa kwanza kuuza chupa mia ndiye mshindi. Mwisho ni Jumamosi saa sita mchana.

Yeye ameweka kiti chake cha kunyolea, kile kinachozunguka. Nilikikalia mara moja tu, mwaka jana. Niliiona Kakuma yote bila kugeuza shingo. Tangu siku hiyo sijatulia.

Mimi nimeweka ekicholong changu, kigoda cha marehemu baba. Nikichoka nakikalia, nikilala nalaza kichwa juu yake. Mwanamume wa Kiturkana bila ekicholong yuko uchi, tena uchi bila pa kukaa. Lakini nitashindwaje? Mke wangu Nakiru sijamwambia. Atafurahi akikiona kiti.

Jumanne, 4 Machi
Waridi zimechanua! Mashamba sita! Nimeuza chupa kumi na mbili, Kasongo nane. Nimemuuliza kama waridi zake zinaumwa.

Tatizo moja dogo. Niliwasalimu wananchi wangu, ejok, ejok. Hakuna aliyeitikia. Nikachunguza, nikajua kwa nini: mji mzima hauna mbuzi hata mmoja. Watu wa namna hiyo watapata wapi adabu? Nikatafuta kwenye vitufe na mbuzi wapo, tena wanazaa wenyewe. Nimeweka hamsini. Sylviane akasema hao wanataka ua, bonyeza hapa. Nikamuuliza mbuzi amekosa nini hadi afungwe.

Mmoja mweupe hutangulia wenzake kila mahali. Nimemwita Nakwang.

Jumatano, 5 Machi
Wamekula waridi.

Zote. Walianzia shamba la mashariki, na kufika saa sita walikuwa wamesimama mlangoni pa kiwanda wakiuliza kama ndani kuna zingine. Chupa zangu zimekwama kumi na tisa. Kasongo amefika thelathini. Alicheka mpaka mteja wake aliyeachwa nusu kichwa akaja kumtafuta.

Lakini mbuzi wamefika mia mbili na kumi! Kwa siku mbili! Nimerudi nyumbani natembea kama tajiri. Nakiru akauliza nimekula nini.

Nimepanda waridi mpya ng'ambo ya mto. Mbuzi hawaogelei.

Alhamisi, 6 Machi
Mbuzi wa mchezo huu wanaogelea.

Sikukata tamaa. Kuna kitufe cha zawadi. Mji wowote unaweza kupelekea mwingine zawadi, na aliyepelekewa hawezi kukataa. Nikapeleka mbuzi mia Lualaba, wapitie katikati ya waridi za Kasongo. Nakwang nilimbakisha. Kisha nikashusha kofia usoni nisionekane nacheka.

Kasongo akauliza hii ni nini tena. Nikamwambia kwetu rafiki hupewa mifugo. Akatazama, akakuna kidevu, akabonyeza kitu kimoja.

Mbuzi mia wakawa nyama. Kwa kidole kimoja! Hata hakuuliza yupi ana mimba. Mji wake ukafanya sherehe siku nzima, na kwenye mchezo huu wananchi wakifurahi hufanya kazi mara mbili. Chupa zikatoka kama siafu.

"Aksanti, muzee," akaniambia. "Batu yangu balikula, balishiba. Kama iko ingine, tuma."

Nikatoka nje nikakaa peke yangu. Mtu akifiwa na mbuzi mia anahitaji kivuli.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi na mapema nimeokoa taifa. Nimepanda waridi upya na kuzizungushia nyumba arobaini zinazogusana, hakuna hata pa kupenyeza pembe. Sylviane, ambaye huniita papa kama baba yake, akasema huo ni ua. Nikamwambia hizo ni nyumba.

Mji ukabaki unafanya kazi, mimi nikaenda Lodwar kutafuta ushauri wa kitaalamu. Binti yangu Atiir ana duka la vipodozi kule. Nikamuuliza mtu mkubwa anaongezaje manukato. Akataka kwanza kujua kisa chote, kisha akaniambia, "Baba, wape wenye duka la nyama hao mbuzi." Sijui nani alimlea.

Nikajipulizia chupa yake ya majaribio ili nijue biashara ninayoifanya. Nilimaliza. Nilipofika nyumbani Nakiru alinusa mara moja akauliza huyo mwanamke anaitwa nani. Nikajibu Lopur Kuu. Jibu hilo halikusaidia. Nimekula chakula baridi.

Jumamosi, 8 Machi


Saa tano na nusu: mimi chupa tisini na saba, Kasongo tisini na tano! Kibanda kimejaa watu. Kiti cha kuzunguka kimeletwa mlangoni, ekicholong changu kando yake. Nikaanza kuzunguka kwa mawazo.

Halafu kiwanda kikasimama. Waridi zimekwisha, na zile changa zinataka saa nzima. Sylviane akaniinamia akaninong'oneza kwamba meli ya Malkia iko bandarini na ina waridi. Inataka mbuzi kumi tu. Nina mia nne.

Nikabonyeza. Mbuzi wakapanga mstari kuelekea bandarini. Aliyetangulia ni Nakwang.

Nikafuta. Nikabonyeza tena. Nakwang tena, mbele, kichwa juu, kama anaenda harusini. Nikafuta. Nikaiambia mashine ichukue nyumba kumi, ichukue wananchi kumi, wenyewe hata salamu hawaitikii. Ikakataa.

"Papa, ni picha tu," akasema Sylviane.

"Na picha ya mama yangu iliyo ukutani ni picha tu," nikamwambia. "Siiuzi."

Saa sita kasoro dakika tano Kasongo akafika mia. Watu wakapiga kelele. Akakichukua ekicholong cha baba yangu, akakikalia vibaya, akaanguka. Hiyo ndiyo faida yangu ya wiki nzima. Nilipopita jioni alikuwa ameweka redio juu yake. Redio!

Jumatatu, 10 Machi
Siku mbili nalala kichwa juu ya debe la mafuta ya kupikia. Shingo imepinda upande mmoja. Naona nusu ya Kakuma tu. Nakiru aliuliza kigoda kiko wapi. Nikasema kiko safarini.

Leo nimemfuata Kasongo, nikamwambia mwanamume hushinda mara mbili au hakushinda. Amekubali. Safari hii ni divai: unapanda zabibu, unakamua, meli inanunua. Ameweka kiti pamoja na ekicholong. Mimi nimeweka kitanda. Ni cha Nakiru, lakini atakuwa hana haja nacho nikileta kiti.

Kasongo akauliza kama nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza sana. Kosa lilikuwa waridi. Waridi ni tamu mno, zinamtia mbuzi majaribuni. Zabibu zina ukakasi.

Tumeanza saa nne. Zimeota vizuri, safi, mstari kwa mstari. Ua sijajenga. Nimeweka mbuzi sitini tu, wa kuzilinda.