Karavani Uani, Shule ya Wiki Moja

Jumamosi, 22 Machi

Nimenunua karavani! Ya mwaka 1994, milia ya kahawia ubavuni, harufu ya panya kidogo tu. Mpango hauna kasoro: tunapangisha nyumba, tunazunguka Marekani nzima, watoto wetu Greta na Otto nawafundisha mwenyewe njiani, bajeti ya familia inapumua. Mke wangu, Marlys, akauliza pesa zimetoka wapi. Nikasema ni zile za kuziba paa. Akanitazama. Jicho lake lina baridi kuliko Minnesota yetu hii. Kisha akatoa hukumu: wiki ijayo shule zimefungwa, niwafundishe watoto humo humo uani. Ijumaa wapige kura. Akikataa hata mmoja, karavani inauzwa.

Wiki nzima! Mimi siku mbili zinanitosha.

Jumatatu, 24 Machi

Somo la kwanza, historia. Nikafungua maji nichemshe kahawa ya mwalimu. Lo! Yakatoka chini ya kitanda, nyuma ya jiko, kila mahali isipokuwa bombani. Mtu wa huku akinunua karavani, kwanza huuliza kama mabomba yalitiwa ile dawa ya pinki ya kuyazuia yasigande na kupasuka kabla ya baridi. Mimi niliuliza kama mapazia yanabaki. Greta, miaka kumi na miwili, ulimi wa wakili, akataka kujua hii ni historia au kuogelea. Nikamwambia ni sayansi: maji yakiganda hutanuka. Akaandika daftarini. Ushindi!

Jumatano, 26 Machi

Kaja Verlin, kaka yake Marlys. Ana karavani mpya, basi anajiona. Akazunguka yangu mara mbili, akapiga teke tairi. "Hongera, shemeji. Umepata bafu lenye magurudumu." Otto, miaka tisa, alicheka hadi akakaa kwenye dimbwi. Nikamwambia Verlin wageni hawaruhusiwi darasani. Akasema sawa mwalimu, akaondoka na pankeki zangu mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Kosa dogo la kiufundi. Niliwapa watoto hesabu halisi ya bajeti yetu, wajifunze maisha. Greta akajifunza haraka mno. Akachora grafu: mafuta, bima, maegesho, mabomba. Kwa mpango wangu tunafilisika tukifika Iowa. Iowa ni hapo jirani! Marlys kaibandika kwenye friji.

Kura. Otto: ndiyo, mikono miwili juu, maana kabla ya wiki hii hakuwahi kula pankeki mara tatu kwa siku. Greta akakawia. Akasema, "Baba, wiki hii nimejifunza kuliko muhula mzima." Nikainuka nimkumbatie. "Ndiyo maana nakataa."

Nikajifanya napiga chafya. Akaja kukaa nami ngazini, akaomba nimfundishe hesabu kila Jumapili. Ndani ya nyumba, akasisitiza. Pakavu.

Jumatatu, 31 Machi

Karavani imeuzwa jana. Pesa za paa ninazo mfukoni, karibu zote. Nimewapeleka watoto shuleni kiungwana; mtu mzima hukubali kushindwa. Mlangoni, tangazo: shule inauza basi lake la zamani. La manjano. Viti arobaini na vinne! Sasa naona wazi karavani ilipokosea: haikuwa darasa. Karani akauliza kama ningependa kufikiri kwanza. Nimefikiri wiki nzima, mama!

Nimerudi nalo adhuhuri, polepole, taa zote zinawaka. Kona ya mtaa wetu, kwenye kituo cha basi la shule, watoto sita wa chekechea ya mchana wamejipanga na mikoba yao, wanataka kupanda. Hata sijatangaza, wanafunzi hao!