Malalamiko Kuhusu Joto la Rundo Letu

Shamba la Lafleur,
Vermont.
Jumanne, 2 Mei

Mheshimiwa Mkaguzi wa Mazao,

Kwa heshima, nikiandika kwenye baridi, nimeagizwa na mwajiri wangu, Bwana Orrin Lafleur, nilalamikie barua yako iliyozuia spinachi yetu isiuzwe mpaka tuthibitishe kwamba samadi iliyowekwa kwenye matuta iliozeshwa kwa joto la kuua bakteria. Bwana Orrin amekasirika. Kwa hiyo nami nimekasirika.

1. Umeandika "samadi". Hapa tunasema mboji. Bwana Orrin aliipa jina hilo siku ileile ilipotoka zizini, na jina likishatolewa halingoji siku kumi na tano unazozitaka.

2. Unataka rundo ligeuzwe mara tano. Ng'ombe ana matumbo manne, na kila tumbo liligeuza. Trekta iligeuza mara moja. Nne na moja ni tano. Nimejumlisha mara mbili.

3. Unadai joto. Kila asubuhi rundo linafuka mvuke. Ni kweli kwamba asubuhi hizo paa nalo hufuka, mbwa hufuka, na Bwana Orrin mwenyewe hufuka akiongea, lakini hao hukutuomba tuwapime.

4. Unahofia bakteria. Bwana Orrin ameshinda zizini miaka arobaini na hajakutana na hata mmoja. Bi Claudette Roy, anayepika chakula cha Jumamosi kanisani, alimuuliza mbele yangu, "Orrin, hilo rundo limeiva kweli, au limelala tu?" Akajibiwa, "Limeiva kuliko maharage yako, dada." Bi Claudette akasema maharage yake hayajampeleka mtu hospitali. Nimeambiwa hilo la mwisho halikuwa rasmi.

5. Kipimajoto kilisoma hamsini na tano, sawasawa na mwongozo, kwa siku kumi na tano mfululizo. Kama kuna bakteria waliobaki baada ya hapo, wamebaki kwa ukaidi wao, na ni wao wanaostahili kuandikiwa barua, si sisi.

Tunaomba zuio liondolewe leo, na rundo liombwe radhi kwa maandishi.

Wasalimie wote ofisini, hasa yule bwana aliyechukua sampuli za udongo akasahau buti zake. Tumeziosha.

Wako mtiifu,
Emmett Desrochers, Karani
Imesomwa na kukubaliwa: O. Lafleur

Baada ya sahihi: Bwana Orrin amekwenda kukamua. Mwongozo wetu ulitoka ng'ambo ya mpaka, Kanada, na hamsini na tano yake ni ya Selsiasi. Kipimajoto chetu ni cha Farenhaiti, ambacho kilipaswa kusoma mia moja thelathini na moja. Hamsini na tano yetu hailainishi hata siagi. Nilipomwambia alisema, "Namba ni namba, kijana. Funga bahasha." Spinachi tunayopeleka kanisani haiuzwi, ni sadaka, kwa hiyo anasema zuio lako haliigusi. Itavunwa Ijumaa asubuhi. Watakaoila ni watu themanini, na Bi Claudette huichanganya mbichi kwenye saladi. Mama yangu hukaa meza ya kwanza. Tafadhali njoo Alhamisi, na usiseme ni barua hii iliyokuleta. Sema umefuata buti.