Miadi na Dokta Gustavo

Asheri alikuja Same kuuza dawa ya kuotesha nywele, na biashara ikafa siku ya pili, mteja mmoja alipouliza kwa nini muuzaji mwenyewe ana upara. Alikuwa amekaa sokoni na kikombe cha chai alipoona madalali sita wakigombania gunia moja la tangawizi ya Mamba, kijiji cha milimani. Bei hawakuizungumzia kabisa. Waligombania nani kafika kwanza. Mzee Chande, dalali mnene kuliko wote, alikuwa amelikalia gunia lenyewe ili kumaliza ubishi.

Asheri akaweka kikombe chini. Watu wanaopenda kutangulia namna hii, akawaza, hawahitaji bidhaa. Wanahitaji foleni.

Alasiri ile aliingia steshenari kwa Salama, binti wa Mamba aliyekuwa akiwachapia watu barua na kuwafungulia akaunti za mitandaoni.

"Dada, nina mgeni mzito anakuja Alhamisi," akasema. "Dokta Gustavo, mnunuzi wa tangawizi wa kimataifa. Analipa mara tatu ya bei ya hapa. Nataka watu waweke miadi ya kumwona kwa simu, wakilipa ada ndogo, na kila anayepata nafasi, mitandao imtangaze yenyewe."

"Inawezekana," Salama akajibu. "Programu ya miadi naiunganisha na Facebook na kundi la WhatsApp la wafanyabiashara. Mtu akishajaza fomu na kulipa, tangazo linatoka bila mtu kugusa kitu. Na kalenda yako naiunganisha pia. Ukibadilisha saa au mahali, wote wanaarifiwa."

"Safi sana."

"Dokta anatoka nchi gani?"

"Nje," Asheri akasema.

Salama akaandika: Nje.

"Na ujira wangu?"

"Dokta akifika, dada. Mimi na wewe tutaelewana."

Salama akamtazama kwa muda ambao mtu mwenye dhamiri angeuona mrefu. Kisha akaendelea kuchapa.

Kesho yake asubuhi kundi la wafanyabiashara likapokea tangazo la kwanza: Eliezeri amepata miadi na Dokta Gustavo, nafasi zimebaki kumi na tisa. Eliezeri, dalali naye, na Mzee Chande walikuwa hawasalimiani tangu mwaka juzi. Kabla chai haijapoa, Chande akachukua nafasi tatu: moja kwa jina lake, moja kwa jina la mkewe, na moja kwa jina la shemeji yake aliyefariki. Mfumo hauna ubaguzi. Ukampongeza marehemu hadharani, na ukoo mzima ukampigia Chande simu kuuliza hali ya ndugu yao.

Nafasi zilipokwisha, Asheri akaongeza nyingine arobaini, na Dokta Gustavo, ambaye hakuwahi kuzaliwa, akaanza kumpa kila mtu dakika nne. Madalali wakapanda milimani kutafuta tangawizi ya kumwonyesha. Waliwafuata wakulima mpaka mashambani, wakalipa taslimu bei waliyotajiwa, hata senti hawakupunguza. Akina mama wa Mamba walidhani wanaota.

"Hela zinakaa kwenye mfumo siku tatu," Salama alimwambia Asheri. "Alhamisi saa sita mchana zinatoka."

"Nikiwa popote?"

"Popote penye mtandao."

Alhamisi alfajiri Asheri akakata tiketi ya basi kwa simu, akazima mlio, akarudi kulala kwa amani ya mtu aliyefanya kazi ngumu. Lakini tiketi ile ilikuja kwa barua pepe, barua pepe ikajiandika kwenye kalenda, na kalenda, kwa utiifu wake, ikaona mwenyeji amehama mahali. Watu wote wakapata ujumbe: Miadi ya leo imehamishwa. Mahali ni basi la saa tano kwenda Dar es Salaam, kiti namba kumi na nne. Kituo kinachofuata ni Hedaru.

Basi lilipofika Hedaru, kando ya barabara zilipangwa pikapu kumi na moja zilizojaa magunia. Kwenye mlango wa basi kulikuwa na foleni iliyonyooka, kila mtu ameshika simu yake. Mzee Chande akapanda, amevaa suti, akahesabu viti mpaka kwa Asheri.

"Shikamoo, mzee," Asheri akasema.

"Marahaba. Miadi yangu ni saa sita na dakika nne. Dokta yuko wapi?"

"Amepata dharura. Amerudi kwao."

"Kwao wapi?"

"Nje."

"Hamna shida. Fomu inasema asipokuwepo, mwenyeji ananunua kwa niaba yake, na mwenyeji umeandikwa wewe."

Asheri hakuwahi kuisoma ile fomu aliyoiandika Salama. Wakamshusha taratibu, yeye na begi lake, wakamketisha juu ya gunia. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomtisha. Wakakubaliana palepale kwamba atakaa Hedaru, atapima mzigo na kuutafutia wateja kwa simu mpaka gunia la mwisho liondoke. Eliezeri na Chande walisimamia kwa zamu, na kwa ajili hiyo ikabidi wasalimiane.

Saa sita ikafika. Simu za wote zikalia pamoja, na tangazo likatoka: wafuatao wamechangia mashine ya kuosha tangawizi ya kikundi cha akina mama wa Mamba, tunawashukuru sana. Jina la Chande lilikuwa juu kabisa.

"Naam, tulichanga," Chande akasema kwa sauti. Madalali wengine wakatazamana, wakaona aibu ya kudai ni kubwa kuliko ada, wakaitikia.

Asheri akajitenga nyuma ya pikapu, akampigia Salama.

"Salama, hela zangu ziko wapi?"

"Zimeshafika Mamba, kaka. Mashine inapanda Jumatatu."

"Nani alikutuma?"

"Wewe. Nilikuuliza kwenye malipo niweke namba gani, ukasema weka ya mtu anayeaminika. Nikaweka ya mama mweka hazina wa kikundi."

"Nilimaanisha mimi."

Upande wa pili printa ilisikika ikitoa karatasi, moja, ya pili, ya tatu.

"Ungefafanua, kaka," Salama akasema.