Uso wa Msiba

Jumatatu, 3 Juni
Timu ya taifa ya sataranji imebakiza kiti kimoja. Tunakigombea wawili: mimi, bingwa mkuu wa miaka mingi, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu mpole, hata mbu humfukuza kwa adabu. Tunacheza Ijumaa. Nikikikosa, nitaishia kufundisha watoto wa shule, wale wanaotafuna kete.

Lakini nina mpango! Nitacheza hatua kali, halafu nivae uso wa mtu aliyekosea. Shemeji atabweteka. Nitammaliza.

Jumanne, 4 Juni
Mazoezi kwenye kioo cha bafuni. Mkono kwenye paji, mdomo wazi, pumzi ndefu. Mke wangu kachungulia, kauliza nani kafariki. Safi sana!

Jumatano, 5 Juni
Nimeujaribu uso mezani. Mama mkwe kaacha kula, kasema nipelekwe hospitali. Nimepelekwa. Daktari hakuona kitu. Kipaji hakionekani kwenye damu.

Mama mkwe hakuridhika. Kampigia simu mwanawe, huyo huyo shemeji, kamwambia hali yangu si nzuri, asiniudhi.

Ijumaa, 7 Juni
Ukumbi umejaa. Nikasogeza ngome. Hatua tamu! Bado mbili tu, mfalme wake hana pa kukimbilia, na wala hajaona. Nikavaa uso. Nikaongeza na chozi, ambalo hata sikulifanyia mazoezi.

Shemeji naye machozi yakamlengalenga. Akaninyooshea mkono, akasema pole sana shemeji, afya kwanza. Nikaupokea. Nikasema asante. Ningefanyaje? Nimelelewa vizuri!

Mwamuzi akasimamisha saa. Kwenye sataranji mkishikana mikono mchezo umekwisha, na kwa machozi yale, aliyekubali kushindwa ni mimi. Nikaruka! Nikamwonyesha zile hatua mbili. Akasema ni nzuri mno, ila hazikuchezwa. Shemeji akanitetea, naye hakusikilizwa.

Nyumbani nimelia kweli. Mke wangu kasema kile cha bafuni kilikuwa kilio bora zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji kaniletea matunda. Anasafiri na timu wiki ijayo. Roho inaniuma, jamani, na matunda ni matamu.

Mke wangu kauliza, kama nilikuwa nashinda, si ningecheza tu? Hajui ugumu wa kazi hii. Mimi nimetafakari, kosa nimeliona: uso wa huzuni unaita mikono ya watu. Mashindano yajayo nitacheka! Nimeshaanza bafuni, kwa sauti.

Mama mkwe yuko mlangoni, anauliza funguo za gari ziko wapi.