Begi Lisilobonyea

Habari yenyewe aliileta Bando, maana kijiwe chetu cha Somanga, hatua chache kutoka mabasi yanaposimama, hakina redio wala gazeti. Kina Bando. Jina lake la kanisani ni Cletus, lakini mtu ambaye ana bando la intaneti hata siku ambayo nyumbani hana chumvi, huwezi kumwita Cletus.

"Sikieni hii," akasema, kahawa mkono mmoja, simu mkono mwingine. "Begi la kusafiria. Gumu, la matairi manne. Milioni kumi na mbili."

"Pamoja na nguo?" akauliza Mzee Saad.

"Tupu."

"Basi lina injini."

"Halina, mzee. Unalisukuma mwenyewe."

Mzee Saad akaweka kikombe chini. Tunamwita Protokali, kwa sababu aliwahi kuwa tarishi ofisi ya kata, na mpaka leo hakai kwenye benchi bila kutangaza kwamba sasa anakaa. "Milioni kumi na mbili halafu nisukume mimi? Kwa hela hiyo begi ndilo linisukume."

"Wanasema halibonyei. Lori linalikanyaga, linabaki vilevile."

"Sasa mtu mwenye hela hizo," akaingilia Dokta, "begi lake linakutana wapi na lori?"

Dokta ni Abdulrazak, fundi wa boti za faiba, zile za plastiki ngumu. Akiletewa boti mbovu huigonga kwa kidole, huitegea sikio, kisha hutaja bei. Hospitali hajawahi kufanya kazi, ila udaktari wenyewe ndio huo.

Mimi wananiita Karani kwa sababu najua kusoma barua za watu. Nilisema wazi kwamba hilo si begi, ni ugonjwa, na aliyelinunua apelekwe kwa Dokta akagongwe. Rosalia, mama anayetuuzia kahawa na kashata, alicheka mpaka akamwaga. Kahawa ile alinimwagia mimi, na alinidai vilevile.

Tukiwa hapohapo akaja Nurdin, yaani Dirishani, kijana anayeuza samaki wa kukaanga kwenye madirisha ya mabasi. Siku zote huja anakimbia. Siku hiyo alikuja anatembea, beseni kwapani, uso umemshuka.

"Shikamoo, Mzee Saad."

"Marahaba. Sasa unaweza kukaa."

Hakukaa. "Nani amemwonyesha Bi Zakia picha ya begi?"

Bando akaanza kuingiza simu mfukoni, taratibu sana.

Ngoja nieleze. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nurdin alikuwa anamuoa Umi Ijumaa, na Jumatano baada ya alasiri ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka begi: khanga, vitenge, viatu, manukato, vyote ambavyo upande wa mume humpelekea bibi harusi, akina mama wakiongozana kwa ngoma. Wa kulipokea ni Bi Zakia, shangazi yake Umi. Mchumba wa kwanza wa Umi, kijana wa Mingoyo, begi lake lilifika kichwani kwa mbebaji limebonyea katikati kama godoro la gesti. Bi Zakia alilirudisha, na posa ikarudi nalo.

"Kaliona kwenye stetasi yako, Bando," Nurdin akasema. "Kanipigia asubuhi. Anataka gumu kama lile. Anasema alipokwenda kwa dada yake Maskati aliyazoea mabegi hayo."

"Alikaa huko muda gani?" akauliza Rosalia.

"Wiki mbili."

"Wiki mbili akayazoea."

"Mama Kahawa, usinichekeshe, mwenzako nina hali mbaya. Miaka mitatu namngoja Umi. Begi likirudi, na mimi nimerudi. Nitamwangaliaje mtu nikiulizwa kwa nini sikuoa? Niseme nilibonyea?"

Tuliacha kucheka. Yule kijana anampenda yule binti, hilo kila mtu pale analijua, na mimi nilimwonea huruma kwelikweli.

Bando, kwa hatia, akawa wa kwanza kutoa ushauri. "Kaka, chukua tranka langu la bati. Gumu hilo, nimesomea nalo sekondari."

"Si limeandikwa jina lako kwa rangi nyeupe?" akauliza Dokta. "Umi aletewe begi la harusi asome Cletus, kidato cha pili, bweni la Twiga?"

"Tunafuta."

"Ulishindwa kulifuta miaka minne ya shule, utaliweza kesho?"

"Basi ule mfuko wa miraba uitwao shangazi kaja," akasema Protokali. "Wa bei nafuu, unabeba hata jirani."

"Mzee, huo unabonyea ukiutazama."

Rosalia akanyoosha kidole. "Mnahangaika nini? Ana deli lake la plastiki la kuhifadhia samaki. Gumu, lina mfuniko, lina mpini. Lioshwe kwa ndimu."

"Mama Kahawa, khanga zitoke zinanuka samaki changu?"

"Mbona wewe unanuka changu na Umi kakukubali."

Protokali akainua mkono, kama tupo kwenye kikao. "Hoja ya utaratibu. Begi la harusi halitui chini mpaka mlangoni kwa bibi harusi. Linakwenda kichwani. Sasa hayo matairi manne yakiwa kichwani yanamsaidia nani?"

"Yanapunga upepo," akasema Dokta, ila hakuwa nasi tena. Alikuwa analigonga beseni la Nurdin kwa kidole na kulitegea sikio. "Wewe, lile begi ulilokuwa umenunua ni la namna gani?"

"La kitambaa. La mtumba, nimelitoa Lindi."

"Lilete. Jioni hii nalivika faiba. Boti inapiga mwamba haibonyei, itakuwa kichwa cha mama mtu mzima?"

Nimekaa benchi lile miaka mingi na sijawahi kusikia wazo zuri kama hilo. Bando akatoa simu apige picha ya Dokta, Nurdin akampokonya.

"Ila," Dokta akaendelea, "lije limejaa. Faiba inafuata umbo. Nikiipaka kwenye begi tupu itakaa kama chapati. Weka kila kitu ndani, shindilia, funga. Hapo napata umbo."

Tukaitikia wote kwa kichwa. Nakiri kwamba hata mimi niliitikia. Watu wazima sita, mmoja kafanya kazi ofisi ya kata, na hakuna aliyeona kitu.

Kesho yake, alasiri, begi lilikuwa juu ya benchi. Lilikuwa la buluu, rangi iliyobaki kwenye boti ya mtu wa Pande, na lilimeta hata wasafiri wa basi la Mtwara walichungulia. Protokali akatangaza kwamba sasa analikalia, akalikalia. Halikubonyea. Bando akalipiga teke, kisha akazunguka kijiwe anachechemea na kusema haumii. Nurdin akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Dokta, wewe ni ndugu yangu," akasema. "Mtoto wa kwanza nampa jina lako."

"Akiwa wa kike je?"

"Atalivumilia."

Rosalia alikuwa amelizunguka begi mara mbili, birika mkononi. "Abdulrazak," akasema, na alipomwita kwa jina lake kamili nikajua mambo yameharibika. "Zipu iko wapi?"

"Zipu ya nini?"

"Ya kufungulia."

"Mama Kahawa, nina miaka kumi na minane kwenye boti. Kazi yangu ni maji yasiingie. Hapo nakuhakikishia, hata tone haliingii."

"Na khanga zinatokaje?"

Dokta akaligonga begi kwa kidole. Akalitegea sikio. Kisha akakaa chini, kwenye mchanga.

"Khanga za mke wangu zimo humo," akasema Nurdin, polepole. "Viatu vyake vimo humo. Pete imo humo."

"Vikavu lakini," akasema Dokta.

"Kata. Kata sasa hivi."

"Nikikata hapa linabaki na tundu, na wao wanakuja kubeba—"

Hakumaliza. Ngoma zilisikika nyuma ya vibanda. Mama yake Nurdin alikuwa mbele, nyuma yake akina mama thelathini wenye sare ya khanga, na kabla hatujapata uongo wa kuwaambia, begi lilikuwa kichwani kwa mtu linaondoka.

"Nenda kawaambie wasubiri," Bando akaninong'oneza.

"Nenda wewe. Una mguu mmoja tu, watakuonea huruma."

Hakwenda mtu. Rosalia alijifunga khanga, akatuachia birika, akaufuata msafara. Sisi tukabaki. Nurdin alikaa amelikumbatia beseni lake. Mabasi mawili yakasimama, yakaondoka, hakunyanyuka. Protokali alitaka kusema neno la faraja akalikosa, akammiminia kahawa, na mimi nilimwona akimlipia.

Rosalia alirudi jua bado lipo. Alijimiminia maji, akanywa, akatutazama mmoja mmoja. Mama huyu akiwa na habari huinywea maji kwanza.

"Sema basi," akasema Nurdin.

"Bi Zakia kalipokea. Kaligonga, kalibonyeza kwa vidole vyote, kasema hili ndilo."

"Halafu?"

"Halafu akina mama wakasema, haya shangazi, fungua tuone. Akalipapasa juu. Akalipapasa ubavuni. Akaligeuza, akalipapasa chini. Jasho linamtoka, ngoma zimenyamaza. Mama yako akamuuliza, dada, kwani hujui kulifungua?"

"Mama yangu kaniua."

"Mama yako kakuokoa. Bi Zakia kasimama, kajishika kiuno, kasema: Nisijue mimi? Kule Maskati mabegi haya hayafunguliwi mbele za watu, ustaarabu hauruhusu. Kaamuru liingizwe ndani. Vigelegele. Ijumaa unaoa."

Nurdin alifunika uso kwa beseni. Sijui alikuwa analia au anacheka, na sikuuliza, kwa sababu na mimi macho hayakuwa makavu. Dokta alianza kurudia kwamba alisema tangu mwanzo halitabonyea, tukamwambia anyamaze.

Alhamisi asubuhi tulikuwa palepale, tunabishana kama Dokta aanze kuyavika faiba na mabegi ya wanafunzi, mara Bi Zakia akatokea. Peke yake, ushungi ameushusha mpaka kwenye nyusi. Akatazama upande wa barabara, akatazama upande wa vibanda.

"Shikamoo, shangazi," tukasema, hata Protokali, ambaye amezaliwa naye mwaka mmoja.

"Marahaba." Akamsogelea Nurdin, akateremsha sauti. "Mkwe, begi zuri. Usinifikirie vibaya, limenipendeza. Ila katika haraka zenu mmesahau kuniletea rimoti yake."

Bando akauma kikombe. Protokali akagundua kitu cha kutazama angani. Nurdin akamgeukia Dokta kwa macho ya mtu anayezama.

Dokta hakucheka hata kidogo. Aliingiza mkono chini ya benchi, akavuta gunia, na ndani ya gunia, imeviringishwa kwa kitambaa kisafi, ilikuwemo grinda yake ya kukatia faiba.

"Ninayo mimi, shangazi. Nilikuwa njiani kuileta," akasema kwa adabu. "Ila ya begi la namna hii anaibonyeza fundi tu. Watu wote watoke ndani, watoto wakae mbali. Ina kelele kidogo, na vumbi."

Bi Zakia akalitazama gunia, akaitikia kwa kichwa, akatangulia njia.

"Najua," akasema. "Hata Maskati ilikuwa hivyohivyo."