Sumu Nayo Ihamishwe kwa Lori

Kijiji cha Ujamaa,
Njia ya Kasekese,
Septemba, 1975

Kwa Bwana Maji wa Wilaya,
Mpanda.

Ndugu Bwana Maji,

Natumaini barua hii itakukuta umekwisha kunywa chai, maana nina hasira na sipendi kumwudhi mtu mwenye njaa.

Mwezi uliopita mafundi wako walileta mtambo hapa kijijini, wakatoboa shimo nyuma ya nyumba yangu. Sisi tulijua ni la pampu. Kumbe walikuwa wanatafuta sumu ya ule mgodi uliofungwa imefika wapi huko chini ya ardhi. Sasa Katibu wa kijiji ametuonyesha ramani yako: kwangu pamepakwa wekundu, na pampu imewekwa kwa jirani yangu Cletus, ng'ambo ya mto. Mke wangu Romana alilia mbele ya watu. Nami nalalamika hivi:

1. Kila walipoongeza kina, mafundi walisimama, wakakinga maji kwenye chupa, wakabandika karatasi, wakaendelea. Hakuna aliyeonja. Hapa kwetu mwenye pombe hunywa kwanza mbele ya wageni, wajue haina sumu. Fundi wako mkuu alikataa hata kulamba kidole. Mtu wa namna hiyo atajuaje sumu?

2. Majibu yanasema chupa zote, ya juu na ya chini kabisa, zina sumu kiasi kile kile. Hata uji huwa mzito chini kuliko juu. Nadhani mpimaji wenu alipima chupa moja akaenda kulala.

3. Wenye mgodi walikwisha kwenda kwao. Sumu yao inakaa hapa kwa kibali cha nani? Sisi mwaka jana tulihamishwa kwa lori, kuku wetu wakiwa bado juu ya mti, na hakuna aliyetuuliza. Sumu nayo ipewe amri na lori.

4. Kama lori hakuna, wekundu usogezwe mpaka kwa Cletus. Ni kazi ya kifutio tu. Cletus hatadhurika, maji yeye hunawia. Kiu yake huimaliza kwa gongo.

5. Ushahidi ninao. Kisima nilichochimba mwenyewe hapo uani tunakunywa maji yake tangu tuhamie, nayo yanang'aa. Mwanangu Fabiani huumwa tumbo, lakini hayo ni mahindi mabichi.

Nisalimie mafundi, dereva, mama watoto wako, na huyo mpimaji akiamka.

Ni mimi, mjenga taifa mwenye kiu,
Telesphor Anselmo

N.B. Nimemsomea Romana barua hii kabla ya kuifunga. Hakucheka. Anasema maji ya shimo yalitoka na matope, akaona aibu wageni waende nayo mjini. Mafundi walipokuwa wanakula ugali kwangu, alimwaga chupa zote akazijaza maji ya kisima chetu. "Nilitaka watusifu," ameniambia. Kwa hiyo mlichopima ndicho tunachokunywa. Usisogeze kitu kwenye ramani, ndugu yangu. Kisima nimekifunika kwa mlango wa nyumba. Fabiani hajainuka kitandani tangu juzi. Mkija, mleteni daktari kwanza, chupa baadaye.