Ngwe Iliyonyooka Kupita Zote

Jumatatu, 26 Machi 1973

Kijiji cha Mazingara. Mvua imepumzika. Leo imethibitika kwamba shamba la shule lina hujuma.

Binti yangu Swaumu, wa darasa la nne ninalolifundisha, amepewa ngwe yake, kipande chake cha kulima, kama wanafunzi wenzake. Mistari yake niliipima mwenyewe kwa kamba. Asubuhi hii miche kadhaa ya mahindi imelala, imenyauka, mizizi nje. Ngwe nyingine hazikuguswa, ingawa zimepinda kama njia ya mbuzi. Mwizi hang'oi kitu akakiacha. Hii ni fitina. Jumamosi bwana shamba anakuja kutoka Handeni kuchagua ngwe bora.

Namshuku Mwalimu Simeo, anayefundisha kilimo. Alihamia kwetu kutoka Mashewa, na binti yake Rosina analima ngwe inayopakana na ya Swaumu. Nilipomweleza Simeo habari hii, alicheka, akasema labda ni kanga wa porini. Mtu anayecheka kabla ya kushtakiwa ana lake jambo.

Swaumu hakugusa chakula cha jioni. Naiheshimu hasira yake.

Jumanne, 27 Machi

Miche mingine imeng'olewa.

Mama Swaumu analalamika kwamba mtoto amekonda, anasaga meno usingizini, na jana alichana ukurasa wa hesabu kwa sababu alipata tisa katika kumi. Nilimjibu kwamba ukurasa wenye alama tisa hauna thamani ya kuhifadhiwa. Akaenda akauokota, akauhifadhi. Je, Simeo ameshamfikia hata mke wangu?

Jioni nilinyunyiza majivu kuizunguka ngwe. Hujuma hujibiwa kwa ushahidi.

Jumatano, 28 Machi

Nyayo! Ndogo, za mguu mtupu. Nilizipima kwa rula. Simeo ana miguu kama majembe, kwa hiyo si yeye. Ametuma mtoto. Mtoto gani? Rosina.

Nilimwita mbele ya darasa, nikamwamuru akanyage majivu. Akakanyaga kwa furaha, kisha akaomba kukanyaga tena. Wanafunzi wote wakataka zamu. Unyayo wake ni mpana, haukulingana. Inawezekana alitandaza vidole kwa makusudi.

Simeo alikuja akiwa na vumbi la chaki mabegani. Safari hii hakucheka.

"Ndugu Mhina," alisema, "umeanza kupiga ramli kwa rula? Hebu mtazame Swaumu."

Nilimtazama. Alikuwa amekaa wima kuliko wote. Sikuona kasoro.

Alhamisi, 29 Machi

Alfajiri nilijibanza kwenye mihogo. Umande uliniloanisha hadi magotini. Kulipopambazuka alikuja mtu, mdogo, ameshika kamba. Kamba yangu.

Swaumu.

Aliivuta kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, akapiga magoti, akafumba jicho moja. Akang'oa mche, akaupanda tena upana wa kidole pembeni. Akapima. Akaung'oa tena. Mizizi ilikuwa imebaki nyuzi tu.

Nikajitokeza. Aliangusha kamba, akasema, "Shikamoo baba," akauficha mche mgongoni. Nilimuuliza nani amemtuma.

"Mstari ulipinda, baba. Nikiuacha umepinda, hutanisemesha."

Nilimsahihisha. Siku ile ya tisa katika kumi sikumnunia; nilikuwa natafakari. Kutafakari kwangu huchukua siku mbili, wakati mwingine tatu. Alisema ndiyo, baba, akaomba ruhusa ya kuupanda tena mche uliokuwa mkononi mwake.

Hivi ni nani aliyemfundisha mtoto huyu wasiwasi wa namna hii? Mwalimu wa kilimo, bila shaka.

Jumamosi, 31 Machi

Bwana shamba amekuja. Ngwe bora: Rosina. Mahindi yake yamesimama kama watu sokoni, kila mmoja na upande wake, lakini ni ya kijani na yana afya. Kwenye ngwe ya Swaumu alisimama akauliza kwa upole kwa nini mistari mizuri hivi haina mahindi. Swaumu alikosa pumzi. Alijishika tumbo, akachutama, midomo ikawa ya kijivu. Sijapata kumwona hivyo.

Sikujua la kufanya. Simeo alijua. Aliwaita Swaumu na Rosina, akawapa kunde mkononi, akawaambia wazitupe popote kwenye ngwe ile. Atakayepanda kwa mstari ameshindwa. Swaumu alitupa moja, akanigeukia. Akatupa nyingine. Rosina akajitupia kichwani. Nikasikia kicheko nisichokitambua, nikageuka kutafuta ni cha nani. Kilikuwa cha binti yangu.

Nyumbani, Mama Swaumu alininong'oneza, "Baba Swaumu, mtoto huyu utanizikia. Mwache akosee."

Jioni Swaumu alikula ugali, akaomba mlenda zaidi. Nimeguswa. Nimekubali hoja kikamilifu.

Jumatatu, 2 Aprili

Mtoto lazima akosee. Jambo zito kiasi hiki haliachwi mikononi mwa bahati. Nimemwandalia Swaumu ratiba: kosa moja la hesabu asubuhi, moja la kusoma adhuhuri, moja la kilimo jioni. Nitayasahihisha yote mwenyewe.

Aliisoma, akauliza, "Nikosee wapi, baba?"

Nikamwonyesha. Kosa lake la kwanza lilikuwa hafifu: saba mara nane, hamsini na tano. Hilo ni jibu lililojikwaa tu, si kosa. Nilimtaka arudie. Jaribio la nne liliridhisha. Uji wake haukuisha. Mama yake alimshika mkono, wakatoka wakielekea kwa Simeo, bila kuniaga.

Nilibaki nikipitia daftari la Rosina kwa kulinganisha. Makosa kumi na moja katika ukurasa mmoja, hakuna linalofanana na lingine, na pembezoni amechora kuku. Mtoto wa darasa la nne hawezi kufikia kiwango hicho kwa juhudi zake mwenyewe.

Simeo anamfundisha nyumbani.